CT: Kupunguza mionzi bila kumficha daktari anachokitafuta

Enzi za filamu, aliyezidisha mionzi alishitakiwa na picha yake mwenyewe: filamu ilitoka nyeusi tii, haisomeki, na kazi ikarudiwa. Mashine ya CT, inayotengeneza picha za vipande vya mwili kwa eksirei, haina adabu hiyo. Ukiipa mionzi mara mbili ya inayohitajika, picha inatoka laini na safi zaidi, na daktari wa radiolojia anakupongeza. Ndiyo maana mwaka 2009 iligundulika kwamba hospitali moja ya Los Angeles, Marekani, ilikuwa imewafanyia wagonjwa zaidi ya 200 kipimo cha mtiririko wa damu ya ubongo kwa dozi karibu mara nane ya iliyokusudiwa, na hali hiyo ilidumu takriban miezi 18. Picha hazikumshtua mtu. Kilichofichua kosa ni nywele za wagonjwa zilizokuwa zikinyonyoka.

Kwa hiyo anayeketi kwenye koni ya CT (dawati la kuendeshea mashine), awe Muhimbili au kwenye kliniki binafsi ya Kariakoo, hawezi kutegemea uzuri wa picha umwambie kama dozi iko sawa. Picha safi kupita kiasi ni dalili ya mionzi iliyotumika bure. Kazi yenyewe ni kujua kila swali la daktari linavumilia uchafu kiasi gani kwenye picha, kisha kuuacha uchafu huo ubaki.

Chenga zinatoka wapi

Picha ya CT ni matokeo ya kuhesabu. Bomba la eksirei linazunguka mwili, fotoni (chembe za mionzi) zinapita, nyingine zinamezwa na mifupa na nyama, na zilizobaki zinahesabiwa na detekta za upande wa pili. Katika hesabu hiyo mna bahati nasibu. Manyunyu yakianguka kwenye uga wenye vigae, kigae kimoja kitapata matone matatu na cha jirani kisipate hata moja. Ikishuka mvua ya masika, vigae vyote vinalowa sawasawa. Fotoni zikiwa chache, tofauti hizo za bahati zinajitokeza kama chenga, punje za kijivu zinazotapakaa hata mahali ambapo nyama ni ya aina moja.

Chenga zinakwenda kinyume na kipeuo cha pili cha dozi. Ukikata dozi nusu, chenga haziongezeki maradufu. Zinaongezeka kwa asilimia 41 hivi. Ukitaka chenga zipungue nusu, utalipa dozi mara nne. Upande wa faida ni huu: ukikubali chenga ziongezeke kwa asilimia 10 tu, kiasi ambacho macho mengi hayakioni, umeshusha dozi kwa asilimia 17. Sehemu kubwa ya akiba inayopatikana kwenye CT imejificha humo.

Unene wa kipande nao unaingia kwenye hesabu hiyo hiyo. Kipande cha milimita 5 kinakusanya fotoni mara nne ya kipande cha milimita 1.25, kwa hiyo kile chembamba kina chenga mara mbili. Anayedai vipande vya milimita 1.25 viwe laini kama vya milimita 5 anaomba dozi mara nne bila kujua. Utaratibu unaofaa ni kupiga mara moja, kujenga vipande vyembamba kwa ajili ya kuvipanga upya katika mielekeo mingine, kisha kujenga vya milimita 3 hadi 5 kwa ajili ya kusomea nyama laini. Mionzi ni ile ile. Vinaongezeka vipande tu.

Swali kwanza

Jiwe la figo ni jeupe sana kuliko nyama inayolizunguka. Hata picha iwe na chenga za kukera, jiwe la milimita 4 linaonekana. Ndiyo sababu kipimo cha mawe kinaweza kufanywa kwa chini ya milisivati 3 (kizio cha athari ya mionzi kwa mwili mzima), wakati CT ya kawaida ya tumbo na nyonga ni 8 hadi 10. Mapafu nayo ni hivyo hivyo: hewa na uvimbe mdogo vinatofautiana kwa mamia ya vizio vya Hounsfield, kipimo cha weupe na weusi kwenye CT. Kwa uchunguzi wa awali wa saratani ya mapafu, kiwango kinachotakiwa Marekani ni CTDIvol, yaani ukali wa mionzi katika kipande, isiyozidi miligrei 3 kwa mtu wa kilo 70.

Ubongo ni habari nyingine. Sehemu ya kijivu na sehemu nyeupe za ubongo zinatofautiana kwa vizio vichache, mara nyingi chini ya 10, na dalili ya mapema ya kiharusi ni kufutika kwa tofauti hiyo ndogo. Hapo ukishusha dozi ovyo umemficha daktari kitu kile kile anachokitafuta, na utakuwa umempa mgonjwa mionzi isiyo na jibu, hasara mbaya kuliko zote. Vidonda hafifu vya ini vina tabia hiyo pia. Fomu ya rufaa iliyoandikwa "CT abdomen" peke yake, kama zinavyokuja nyingi, haimsaidii mteknolojia kuchagua. Simu ya dakika moja kwa daktari aliyeandika, "unatafuta jiwe au unatafuta uvimbe wa ini?", inaweza kuokoa milisivati 5. Hakuna programu inayoweza kufanya hivyo.

Wakati mwingine jibu la simu hiyo ni kwamba kipimo hakihitajiki. Kwa mtoto aliyeanguka na kuumia kichwa, kanuni ya PECARN, mtandao wa Marekani wa utafiti wa dharura za watoto, iliyochapishwa mwaka 2009 kutokana na watoto zaidi ya 42,000 inasema hivi: mwenye miaka miwili na kuendelea, akiwa na fahamu timamu, hakuzimia, hakutapika, haumwi kichwa vikali, hana dalili za kuvunjika kitako cha fuvu na hakuumia kwa kishindo kikubwa, uwezekano wa kuwa na jeraha zito la ubongo ni chini ya asilimia 0.05. Huyo anaangaliwa kwa saa kadhaa, hapelekwi kwenye CT ili mzazi atulie. Aliyegongwa na bodaboda hayumo kwenye kundi hilo, kwa sababu kishindo chake ni kikubwa.

Kusoma ukurasa wa dozi

Kila mashine ya kisasa inahifadhi ukurasa wa dozi mwishoni mwa picha. Kwenye mashine za GE ni mfululizo namba 999. Una tarakimu mbili za kuangalia. CTDIvol, kwa miligrei, inaeleza ukali wa mionzi katika kipande. DLP ni CTDIvol ikizidishwa kwa urefu uliopigwa, kwa miligrei-sentimita. Tumbo na nyonga kwa CTDIvol ya 12 na urefu wa sentimita 45 linatoa DLP ya 540. Zidisha kwa 0.015, ambayo ni namba ya kubadilishia kwa tumbo la mtu mzima, upate milisivati 8.1. Kwa kifua namba hiyo ni 0.014, kwa kichwa 0.0021. Kichwa cha CTDIvol 55 kwa sentimita 16 kinatoa milisivati 1.8 hivi, ingawa CTDIvol yake ni zaidi ya mara nne ya ile ya tumbo. Wanaoshangaa hilo wanasahau kwamba ndani ya fuvu hamna viungo vingi vinavyodhurika upesi na mionzi. Kwa kupima uzito wa tarakimu hizo: mionzi ya asili, kutoka ardhini, angani na kwenye chakula, inampa mtu wastani wa milisivati 2.4 kwa mwaka duniani.

Kuna mtego hapa. CTDIvol haimhusu mgonjwa aliyelala kitandani. Inahusu fantomu, gogo la plastiki lenye kipenyo cha sentimita 16 kwa kichwa au 32 kwa mwili. Mgonjwa mwembamba anapokea zaidi ya inavyoandikwa, na mnene anapokea pungufu. Kwa mtoto ambaye kiwiliwili chake kina kipenyo cha sentimita 16, tarakimu ya fantomu ya 32 lazima izidishwe kwa 2 hivi ndipo ikaribie ukweli. Kabla ya kulinganisha dozi za watoto kati ya hospitali mbili, angalia kwanza ukurasa unasema fantomu ipi. Usipofanya hivyo unaweza kumsifu anayetoa dozi maradufu ya mwenzake.

Awamu na urefu, kabla ya kugusa kitufe chochote

Watu wakisikia kupunguza dozi wanakimbilia kilovolti (nguvu ya umeme inayosukuma mionzi) na programu mpya. Dozi kubwa zaidi inayopotea inapotea kwenye maamuzi ya kawaida kabisa. Tumbo likipigwa bila dawa ya kontrasti (ya aidini, inayong'arisha mishipa), kisha awamu ya ateri, kisha awamu ya vena, kisha awamu ya kuchelewa, ile milisivati 8 inakuwa 32. Kwa mgonjwa wa homa na maumivu ya tumbo anayetafutiwa jipu au kidole tumbo, awamu ya vena peke yake, sekunde 70 hivi baada ya kuchoma dawa, inatosha. Awamu nyingi zina mahali pake: uvimbe wa ini, uvimbe wa figo, damu inayovuja. Kuzifanya kwa kila mtu "kwa usalama" ni uvivu wa kufikiri unaolipwa na mgonjwa.

Urefu nao unavuja kimyakimya. Kifua kinaanzia ncha za mapafu na kuishia pembe za chini za mapafu. Mistari ikivutwa sentimita 5 juu na 5 chini, kifua cha sentimita 32 kimekuwa cha 42, na DLP imepanda kwa karibu theluthi moja. Tezi ya shingo, iliyo nyepesi kudhurika hasa kwa vijana, imeingizwa ndani bila sababu. Kifua na tumbo vikipigwa kama vipimo viwili tofauti, ini linapigwa mara mbili mahali vinapokutana. Bora pigo moja mfululizo. Hata picha za kufuatilia dawa inavyofika kwenye mshipa zina gharama: zianze sekunde 10 baada ya kuchoma, zipishane kwa sekunde 2 au 3, kwa miliampia (mkondo wa bomba, unaoamua wingi wa fotoni) za chini, kwa sababu kinachosubiriwa ni weupe wa mshipa tu.

Kumlaza mgonjwa

Hili linadharauliwa kwa sababu halina teknolojia. Kati ya bomba na mgonjwa kuna kichujio chembamba katikati na kinene pembeni, kilichotengenezwa kwa kudhani kwamba katikati ya mwili iko katikati ya tundu la ganti, pete kubwa ambamo bomba linazunguka. Mgonjwa akiwa juu au chini ya hapo, sehemu nene ya kichujio inaangukia mahali penye nyama nyingi na sehemu nyembamba inaangukia ngozi. Akikosewa kwa sentimita 3, dozi ya ngozi inaweza kupanda kwa zaidi ya asilimia 10. Kwa sentimita 6, hadi asilimia 40 hivi. Na katikati ya picha chenga zinaongezeka papo hapo, maana yake umelipa zaidi ukapata pungufu.

Tatizo la pili linatokana na picha ya skauti, ile ya awali ya kupangia kipimo. Mashine inaitumia kukadiria ukubwa wa mgonjwa ili ijipangie miliampia. Skauti ikipigwa bomba likiwa juu na kitanda kikiwa kimeinuliwa mno, mwili uko karibu na bomba, kivuli chake kinakuwa kikubwa, na mashine inaamini kwamba imeletewa mtu mnene. Inamwaga mionzi. Kitanda kikiwa chini mno inaamini ni mwembamba, na picha inatoka na chenga tele. Bomba likiwa chini mambo yanageuka. Dawa yake ni taa za leza: mstari wa pembeni upite katikati ya unene wa mwili, usipite juu ya kitanda wala kwenye ngozi ya kifua. Hakiki kwa skauti ya ubavuni. Kwa mgonjwa mwenye tumbo kubwa, katikati ya kifua na katikati ya tumbo haziko usawa mmoja. Chagua kulingana na sehemu unayoipiga.

Mikono iinuliwe juu ya kichwa kwa kifua na tumbo. Ikibaki ubavuni, mashine inaongeza miliampia kupenya mifupa yake, na mistari ya kuharibu picha inapita katikati ya ini. Aliyevunjika bega aachwe. Vitu vinavyoharibu picha viondolewe kabla ya skauti: bangili, sarafu, simu, hirizi yenye bati, sidiria yenye waya. Shanga za kiuno nazo zinaleta mistari kwenye nyonga. Mteknolojia wa kike aombe kwa faragha zivuliwe au zisogezwe, na asiulize mbele ya wasindikizaji.

Miliampia na kilovolti

Karibu mashine zote zilizoletwa nchini miaka ya karibuni, zikiwemo zilizonunuliwa kwa hospitali za rufaa za mikoa kwa fedha za mpango wa UVIKO-19, zina mfumo wa kujirekebishia miliampia kadiri bomba linavyozunguka na kitanda kinavyosogea. Mabega yanapewa nyingi, mapafu machache. Mfumo huo haupunguzi dozi wenyewe. Unatii lengo uliloupa, na kila kiwanda kina lugha yake. GE anauliza unataka chenga kiasi gani. Siemens anauliza ungetumia mAs (miliampia mara sekunde) ngapi kwa mgonjwa wa kawaida. Kwa mmoja ukipandisha namba dozi inashuka, kwa mwingine ukipandisha namba dozi inapanda. Mtu aliyehama hospitali bila kuelezwa hilo ni hatari.

Kwenye mashine ya GE kuna mtego unaorudiwa kila mahali. Kiwango cha chenga kimefungwa kwenye unene wa kipande cha kwanza kilichoandikwa kwenye protokali, yaani mpangilio wa kipimo uliohifadhiwa kwenye mashine. Mtu akibadilisha kipande hicho kutoka milimita 5 kuwa 1.25 kwa kuwa daktari wa upasuaji anataka picha za 3D, na akaacha namba ya chenga ilivyokuwa, mashine itapandisha miliampia hadi ifike dari ya bomba. Acha kipande cha kwanza kikiwa kinene, ongeza vyembamba kama ujenzi wa pili. Na dari yenyewe, yaani miliampia ya juu kabisa inayoruhusiwa, iwekwe kwa akili. Ukiiacha wazi, mgonjwa mwenye nondo za mgongo atapewa mionzi ya kutaka kupenya chuma kisichopenyeka.

Kilovolti ina nguvu zaidi ya miliampia. Kutoka 120 kwenda 100, mAs zikibaki zile zile, dozi inashuka kwa zaidi ya theluthi moja. Kwenda 80 inabaki karibu theluthi moja tu. Chenga zinaongezeka, lakini pakiwa na dawa ya kontrasti kuna fidia. Aidini inameza eksirei kwa pupa kuanzia kilo-elektronivolti 33, na mionzi ya kilovolti ndogo inakaribia kiwango hicho. Mishipa inang'aa zaidi, kwa robo hivi ikiwa 100 na kwa zaidi ya nusu ikiwa 80. Kwa CT ya mishipa ya mtu wa chini ya kilo 75 hivi, kilovolti 100 inafaa iwe kawaida, na kwa mtoto 80.

Mbinu hii ya kushusha kilovolti inaharibika kwa njia mbili. Ya kwanza: mtu anashusha kilovolti lakini anauacha mfumo wa miliampia na lengo lile lile la chenga, nao unapandisha miliampia kufidia na akiba yote inayeyuka. Lazima ulegeze lengo la chenga, kwa sababu mng'ao ulioongezeka unakuruhusu. Ya pili: mgonjwa mnene kwa kilovolti 80 analifikisha bomba kwenye ukomo wake, fotoni zinazotoka upande wa pili ni chache mno, na michirizi ya mlalo inakata mabega au nyonga. Hiyo picha itarudiwa. Kwa kichwa kisicho na kontrasti, baki na 120. Hakuna aidini ya kukusaidia.

Programu zinazosafisha chenga

Ujenzi wa picha kwa marudio, na sasa ule wa akili mnemba, unapunguza chenga baada ya mionzi kupita. Ni msaada wa kweli. Kosa la kwanza ni la ununuzi: hospitali inalipia programu, fundi anaiwasha, picha zinapendeza, na dozi haijashuka hata chembe kwa sababu hakuna aliyegusa lengo la chenga. Programu haipunguzi mionzi. Inakupa ruhusa ya kuipunguza, na wewe ndiye unayepaswa kuitumia ruhusa hiyo.

Kosa la pili ni tamaa. Programu inaweza kulainisha picha hadi ionekane kama plastiki huku kidonda hafifu cha ini kimelainishwa pamoja na chenga. Kwa vitu vyenye tofauti ndogo, uwezo wa msomaji unaanza kupungua dozi ikishushwa kwa zaidi ya robo hivi, hata kama kipimo cha chenga kinasema picha ni nzuri. Kwa mawe, mapafu na mishipa unaweza kwenda mbali zaidi. Matangazo ya viwanda yanayodai kupunguza dozi kwa asilimia 80 mara nyingi yamepimwa kwa vitu vyenye tofauti kubwa. Yasomwe kwa jicho hilo.

Watoto

Mwaka 2023 utafiti mkubwa wa nchi tisa za Ulaya uliofuatilia karibu watu milioni moja waliopigwa CT kabla ya kufika miaka 22 ulionyesha uhusiano wa wazi kati ya dozi iliyofika kwenye uboho na saratani za damu. Makadirio yake: kati ya watoto 10,000 wanaopigwa CT leo, mmoja au wawili watapata saratani ya damu kutokana na mionzi hiyo ndani ya miaka 12. Namba ni ndogo, na mtoto mwenye damu kichwani apigwe bila kusita. Ila hakuna sababu ya kumpa mionzi ya mtu mzima.

Kila sentimita 4 za mwili zinazopungua, nusu ya mAs inatosha kwa chenga zile zile. Mtoto mwenye kipenyo cha sentimita 16 akilinganishwa na mtu mzima wa sentimita 28 anahitaji moja ya nane. Protokali za mwili zipangwe kwa uzito, za kichwa kwa umri. Muda wa mzunguko uwe mfupi, nusu sekunde au chini yake, ili kutikisika kusiharibu picha. Mtoto mchanga alishwe, afungwe vizuri kwenye shuka, alale. Mara nyingi dawa ya usingizi haihitajiki. Kwa kidole tumbo ianze ultrasaundi.

Ngao za bizmathi (metali nzito) zinazowekwa juu ya macho au matiti ziachwe. Zinaharibu vizio vya Hounsfield chini yake, na zikiwekwa kabla ya skauti mashine inaongeza mionzi kuzipenya. Lensi ya jicho inalindwa vizuri zaidi kwa kuinamisha ganti au kumwinamisha mgonjwa kidevu ili macho yabaki nje ya eneo. Si jambo dogo. Utafiti wa CT nchini Tanzania uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta wastani wa miligrei 64 kwenye lensi kwa kipimo kimoja cha kichwa, na kiwango ambacho mtoto wa jicho anaanza kuhofiwa ni miligrei 500 kwa jumla. Majeruhi wa bodaboda aliyelazwa anayerudiwa CT ya kichwa mara kwa mara anazifikia kwa mapigo manane.

Joto la Dar, umeme, na sauti ya Kiingereza

Kipimo kinachorudiwa kina dozi maradufu, na sababu za kurudia hapa Dar es Salaam ni za kila siku. Detekta zinapoteza usawa chumba kikipanda joto. Viwanda vingi vinataka nyuzi 18 hadi 24, unyevu ukiwa umedhibitiwa, na mwezi wa Februari kiyoyozi kimoja kikifa, duara zinajitokeza katikati ya picha. Kipimo cha joto kitundikwe kwenye chumba cha ganti na kiandikwe asubuhi na mchana. Umeme ukikatika na kurudi, bomba lipashwe moto na kalibresheni ya hewa ifanywe upya kabla ya mgonjwa mwingine. Foleni haiwezi kuwa sababu ya kuruka hatua hiyo.

Mashine nyingi zinatoa maelekezo ya kupumua kwa sauti iliyorekodiwa kiwandani, kwa Kiingereza. Bibi kutoka Kigamboni anasikia sauti ngeni ndani ya tundu, anageuza kichwa kuitafuta, na picha imeharibika. Karibu kila koni inaruhusu kurekodi upya. Rekodini: "Vuta pumzi… ibane… usipumue," na mwishoni, "Pumua." Kisha mfanyisheni mgonjwa mazoezi mara mbili kabla ya kuanza. Ni kazi ya nusu saa kwa mashine nzima.

Kubadilisha protokali bila kuvunja kitu

Anza na tarakimu zako. Kwa kila kipimo kinachofanywa sana, kusanya CTDIvol na DLP za watu wazima 30 wenye kilo 50 hadi 90. Zipange kwa mfuatano, chukua ya katikati, uilinganishe na viwango rejea, yaani dozi za kulinganishia. Vya Chuo cha Radiolojia cha Marekani ni CTDIvol 75 kwa kichwa cha mtu mzima na 25 kwa tumbo. Nchi nyingi za Ulaya ziko chini, kichwa kikiwa kwenye 60 au pungufu. Ukizidi, tafuta sababu. Ukiwa chini, bado haijathibitika kwamba umefika panapofaa, maana kiwango rejea ni dozi ambayo robo tatu ya hospitali zilizopimwa ziko chini yake. Ni ukuta wa kuonya waliopitiliza.

Shusha kidogo kidogo. Pandisha lengo la chenga kwa asilimia 5 hadi 10, au shusha mAs kwa 10 hadi 15, kwenye protokali moja tu. Piga fantomu ya maji: wastani wa vizio ukae karibu na sifuri, usipite 5 juu au chini, na chenga ziwe ulizotarajia kwa hesabu. Kisha vipimo 15 au 20 vya wagonjwa visomwe na daktari asiyejua kipi ni cha zamani na kipi kipya. Akisema "zina chenga lakini nasoma," mmefika karibu. Akianza kusita kwenye ini, rudini hatua moja. Badiliko liandikwe: tarehe, namba ya zamani, namba mpya, nani aliidhinisha. Protokali zifungwe kwa nenosiri, na baada ya kila sasisho la programu zikaguliwe moja moja, kwa sababu fundi wa kiwanda anaweza kurejesha za asili bila kukuarifu. Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, ndiyo inayosimamia usalama wa mionzi nchini, lakini ukaguzi wa nje hauwezi kuona kilichobadilishwa Jumanne mchana.

Mgonjwa anayetoka hospitali ya wilaya kwenda Muhimbili au MOI (taasisi ya mifupa ya Muhimbili) apewe CD yenye vipande vyembamba na ukurasa wa dozi, pamoja na filamu. Filamu peke yake, yenye vipicha 20 vilivyobanwa kwenye karatasi moja, ndiyo inayomfanya daktari wa upasuaji aagize CT nyingine saa mbili baada ya ile ya kwanza.